Mashine ya Moja Moja

Mwezi uliopita niliingia duka la vyakula vya wanyama hapa Buffalo kumnunulia jirani yangu matandiko ya tundu la kasuku wake. Jirani amevunjika nyonga, na mimi ndiye ninayemtunzia ndege. Mfuko niliouchukua ulikuwa umepasuka pembeni, na harufu iliyotoka ndani ikanisimamisha pale katikati ya rafu kama mtu aliyeitwa jina lake. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ni harufu kavu, tamu kidogo, ya ghala na vumbi. Kwa watu wengi nadhani ni harufu ya shamba. Kwangu ni harufu ya maganda ya risasi yanayosafishwa, ya meza ya mama, na ya mwaka ule nilipopewa kazi ya kuchagua mashine.

Nilichukua mfuko mwingine, nikatoka, nikarudi kuhakikisha kwamba huu haukupasuka, nikatoka, nikarudi tena. Ndivyo nilivyo, na ni afadhali niseme mapema. Kufuli la mlango nalishika mara tatu. Barua za kazini nazisoma mpaka maneno yanapoteza maana. Hata kuandika huku sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kusoma, kufuta na kuanza upya, na aya hii unayoisoma nimeiandika mara sita.

Tulikuwa tunakaa Highview, kusini mwa Louisville, Kentucky, ghorofa ya chini, baba, mama na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alifanya kazi ghalani pamoja na mzee mmoja Mmarekani aitwaye Roy, ambaye alikuwa mwindaji. Msimu wa kuwinda ulipofika, Mzee Roy alimchukua baba porini, na baba akarudi na paja la kulungu ambalo mama alilipika na sombe, majani ya muhogo, mpaka majirani wetu wa kutoka Uvira, kwetu Kongo, wakabisha hodi kwa visingizio. Mzee Roy hakupenda risasi za dukani. Aliyaokota maganda matupu aliyokwisha kuyapiga, akayasafisha, kisha akayajaza upya mwenyewe nyumbani: fataki mpya chini, baruti ndani, kichwa juu. Kule Kentucky wengi hufanya hivyo, wala si siri. Mwaka ule alimpa baba ndoo nzima ya maganda, na ngoma ndogo ya umeme inayozunguka, iliyojaa magunzi yaliyosagwa, ya kuyasugulia.

Kilichokosekana ni mashine yenyewe. Ni chuma chenye mkono wa kuvuta, kinachofungwa mezani kwa bolti. Ndicho kinachorudisha ganda kwenye umbo lake na kubana kichwa juu yake. Mashine hatukuwa nayo, lakini baba alianza kusafisha hata hivyo. Kila Jumamosi, miezi mitatu, ngoma ilinguruma kwenye kona ya sebule, na baba akayatoa maganda yakiwa ya dhahabu, akayapanga juu ya taulo, akayatazama ndani moja moja.

"Baba Riziki," mama alisema siku moja, "unayang'arisha kama vijiko vya harusi. Harusi ni lini?"

"Bon, bibi harusi bado anatafutwa," baba alijibu, kwa ile "bon" yake ya Kifaransa, yaani haya. "Riziki ndiye atamtafuta."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari. Baba aliniwekea mbele daftari jipya na rundo la katalogi alizopewa na Mzee Roy. "Wewe unasoma," alisema, "na wewe haupitishi kosa. Nimekuona unavyorudia mlango. Utanichagulia moja, na utaniandikia sababu."

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba sawa, nitajaribu. Moyoni nilijaa fahari na hofu kwa kipimo kilekile. Nilidhani ananipa kazi ile kwa sababu hakiamini Kiingereza chake.

Hofu yenyewe ilitoka kwenye ukurasa mmoja. Katika kitabu cha maelezo nilichoazima maktaba kulikuwa na picha ya mtutu wa bunduki uliopasuka kama ganda la ndizi, na chini yake maonyo yaliyoandikwa kwa herufi nzito. Kwa akili ya mtoto nilielewa kwamba mashine mbaya ndiyo hulipuka. Kwa hiyo nikichagua vibaya, mkono wa baba utakwenda. Tulipokaa kula nilikuwa nikivitazama vidole vyake vikiuminya ugali, vidole vinene vyenye kucha fupi, na kuvihesabu. Vilikuwa kumi. Nilitaka vibaki kumi, na niliamini kwamba jambo hilo liko kwenye daftari langu.

Mama alikuwa na neno moja tu. Nyumbani kulikuwa na meza moja imara, ile ambayo baba alimtengenezea kwa mbao nene ili akatie vitambaa. "Meza yangu haitobolewi," alisema. Na kila tulipoanza kuongea habari za mashine alitandaza kitenge juu ya meza ile, akakikata polepole sana, hata kama hakikuwa na mteja.

Nilifanya kazi ile kama mtu anayefanya mtihani wa kuingia mbinguni. Nilisoma katalogi zote. Nilitazama video maktaba, nikazipunguza mwendo ili niuone mkono wa mtu unavyopanda na kushuka. Niligundua kwamba mashine ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya moja moja: unavuta, inafanya hatua moja kwa ganda moja, unalitoa, unaliweka jingine. Ukimaliza maganda yote unabadilisha kifaa cha juu, unaanza upya na hatua ya pili. Ya pili ina kichwa kinachozunguka, na vifaa vyote vimefungwa tayari, kwa hiyo hubadilishi kitu. Ya tatu ndiyo kubwa. Ina sahani inayobeba maganda kwa duara, na yenyewe inajua wapi pa fataki, wapi pa baruti, wapi pa kichwa. Kila ukivuta mkono, risasi moja kamili inadondoka kwenye kisanduku.

Nilichora jedwali lenye safu kumi na nne. Uzito wa chuma, urefu wa mkono, nyota za wanunuzi, kasi, idadi ya vipuri. Nilipojumlisha alama, ile kubwa ilishinda kwa mbali. Ya moja moja ilikuwa ya mwisho kabisa, na kando yake niliandika sababu kwa neno moja: inachosha.

Baba alisoma jedwali lile kwa makini, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Hakunisifu wala hakunikosoa. Aliuliza tu, "Na safu ya kutazama ndani iko wapi?"

"Ndani ya nini?"

"Bon. Twende tuione kwanza," alisema.

Mtu wa kanisani kwetu alikuwa ametuambia kwamba kuna Mkenya huko Columbus anayeuza mashine kubwa ya aina ileile. Tuliendesha zaidi ya saa tatu, mimi nikiwa na daftari magotini. Mkenya mwenyewe aliitwa Mutiso. Alikuja kusoma uhandisi, akabaki, akapata kazi ya mshahara, na gereji yake ilikuwa safi kuliko jiko letu.

"Karibu mzee, karibu sana," alisema. "Hii kitu ni moto. Ukizoea hii, zile zingine utaona ni za kuweka makumbusho."

"Sasa kama ni moto, unaiuza ya nini?" baba aliuliza.

"Madam amesema mtoto akizaliwa hataki kuona baruti kwa hii nyumba."

Baba alicheka. "Wanawake wote wamesoma shule moja."

Mutiso alikuwa mpiga shabaha, kwa hiyo mashine yake ilikuwa imepangwa kwa risasi fupi za bastola. Alituonyesha jinsi vifaa vinavyobadilishwa kwa risasi ndefu za kuwindia, halafu akasema tufanye kumi za majaribio bila fataki, zisiweze kulipuka. Kisha akanitazama. "Na huyu msichana wa daftari? Si avute yeye?"

Sijui niielezeje raha ile. Mkono wa mashine ulikuwa na kitufe cha mbao kilicholainika kwa kushikwa. Niliuvuta chini, sahani ikazunguka hatua moja, kitu kikagonga, kitu kikamwaga, kitu kikabana, na risasi ikadondoka kisandukuni. Klak. Nikavuta tena. Klak. Kila kitu duniani kilikuwa mahali pake.

Nilipokuwa nikiishughulikia ya saba, kiganja changu kilikuwa na jasho, kikateleza. Mkono wa mashine ulisimama nusu, ukarudi. Mlio haukuwa sawa na mingine. Haukuwa mzuri. Basi nikafanya ninachofanya kwenye kufuli: nilivuta tena kabla sahani haijazunguka, vizuri safari hii, mpaka chini. Mutiso alikuwa ameinama akitafuta kisanduku kingine. Hakuona. Nikajisikia nafuu ile ya mtu aliyerekebisha kosa.

Zilipofika kumi, baba alizipanga mezani kwa mfuatano zilivyotoka. "Naweza kufungua moja?"

"Fungua yoyote, mzee. Zote ni sawa."

Baba aligeuka kwangu. "Tufungue ipi?"

Hapa ndipo ninapopata aibu hadi leo. Nilisema, "Ya tisa."

Mutiso aliichomoa kichwa ya tisa, akamwaga baruti kwenye mizani ndogo. Ilikuwa sawasawa na kipimo. Akapiga makofi. Baba hakupiga. "Bon," aliniambia kwa upole, "sasa nionyeshe ile unayoogopa kuitaja."

Nilinyoosha kidole kwenye ya saba.

Baruti iliyomwagika kwenye mizani ilikuwa mara mbili ya kipimo. Kwa nje risasi ile ilikuwa haina tofauti na dada zake, inang'aa, imenyooka. Mutiso aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Haiya," alisema. "Hii ingepigwa..." Kisha haraka, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kulia: "Si makosa ya mtoto. Ni mimi sikuangalia."

"Na mashine pia haikuangalia," baba alisema.

Hatukuinunua. Tulipokuwa njiani kurudi nilisubiri anigombeze, na alipoendelea kuendesha tu nikatamani anigombeze. Tulikuwa tumeshapita Cincinnati aliponiuliza, "Kwa nini ulirudia?"

"Ya kwanza haikuwa nzuri."

"Ulipovuta tena, ulikuwa unakumbuka kama baruti imeshaingia?"

Nilifikiri sana, kwa sababu nilitaka angalau jibu langu liwe kamili. "Sikumbuki."

"Ndiyo," alisema, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa amekipoteza siku nyingi. "Ni hivyo kabisa. Mtu hakumbuki."

Nilidhani ananihukumu. Nyumbani nilichana jedwali langu, nikalichora upya, nikalichana tena, nikalichora tena, na neno lile "inachosha" likabaki palepale.

Wiki ya likizo ya shule tulikwenda Buffalo kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye baba anamwita yaya kama Wakongo tunavyomwita mkubwa wetu. Nyumba yake ya mbao iko mtaa wa East Side, hatua chache kutoka barabara ya Bailey. Shangazi alifanya kazi kiwanda cha kufungasha vyakula, na kicheko chake kilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Siku ya pili alikuwa akimenya ndizi na mama jikoni, mimi nimekaa mwisho wa meza na daftari langu, baba akinywa chai.

"Hii ni kitabu ya nini unaandika kila saa kama karani?" shangazi aliuliza. Akafuta mikono, akalivuta daftari, akafunua kurasa zenye picha nilizokata na kugandisha. Ukurasa wa tatu kicheko kilikuwa kimeondoka usoni mwake.

"Bahati," alimwambia baba kwa jina lake. "Bado unatafuta vidole vya baba yetu?"

Babu yangu sikumkuta. Nilijua tu, kama wote walivyojua, kwamba alikuwa mwindaji kwenye milima ya nyuma ya Uvira, na kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu kwa sababu ya ajali ya bunduki. Siku ile ndipo nilipojua mengine. Babu naye alikuwa akijaza maganda yake upya nyumbani, kwa kijiko cha baruti, kitambaa, vipande vya risasi na nta ya mshumaa ya kufungia. Macho yake yalipoanza kuchoka, watoto wake wawili, ambao walikuwa watu wazima tayari, wakawa wanamjazia. Ganda moja lilitiwa baruti mara mbili. Bunduki ikapasuka, na babu hakuwinda tena.

"Yaya, si unajua," baba alisema. Hakuwa anamtazama mtu. "Nilijaza mimi."

"Najua nini? Nilijaza mimi!"

"Wewe ulikuwa unafunga nta."

"Nta nilifunga asubuhi. Mchana nilikuwa na kijiko. Wewe uliniachia, ukatoka kwenda kumwangalia yule wako wa kwaya, na mimi sikuuliza ulikuwa umefikia wapi."

"Nilirudi."

"Ulirudi, ukaninyang'anya kijiko tena! Nawe haukuuliza!"

"Donc, basi, ni mimi."

"Ni mimi, nakwambia! Kila siku ya Mungu naomba msamaha kwa ile kijiko. Leo unataka kuninyang'anya hata hiyo?"

Walikuwa wamesimama wote wawili, ndizi katikati yao, wakigombania kosa kama watu wanaogombania kulipa chakula hotelini. Mama aliweka kisu chini.

"Yule wa kwaya," alisema, "ni nani?"

Kisha shangazi akapasuka kicheko, akakalia kiti, akacheka mpaka ikawa si kicheko tena, akajifunika uso kwa aproni. Baba alikwenda akasimama nyuma yake na kumshika mabega kwa mikono yake yote miwili.

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Niseme ukweli: nilitaka jina. Nilitaka kuandika jina moja kwenye mstari mmoja nipige alama ya vema. Nikauliza, kwa Kiingereza, "Sasa ni nani hasa?"

Shangazi alishusha aproni. "Baba yetu hakuuliza."

"Kwa nini?"

"Alituona tunalia wawili. Alisema, nifungeni mkono."

Niliutazama mkono wa baba juu ya bega la dada yake, na nikaelewa kitu ambacho safu zangu kumi na nne hazikukijua. Hakuwa na shida na Kiingereza. Alikuwa hauamini mkono wake, na alinichagua mimi kwa kuwa alijiona ndani yangu nikirudia mlango. Nilifunua ukurasa wa mwisho, ule wa mashine niliyoidharau.

"Hii," nilisema, kwa Kiswahili safari hii. "Ya moja moja. Maganda yote yanasimama wazi kwenye kibao chenye matundu hamsini, yana baruti na bado hayajafungwa. Unaweza kuyatazama yote ndani kabla ya kuweka kichwa. Hakuna mtu anayehitaji kukumbuka."

Baba aliichukua kalamu kutoka mkononi mwangu, akaishika kidogo, akanirudishia. "Andika sababu."

Nilifuta "inachosha". Nikaandika: unaona ndani.

Tuliporudi Highview mama alikusanya vitenge vyake kutoka upande mmoja wa meza bila kuulizwa. "Toboa hapa kwenye ncha," alimwambia baba. "Matundu matatu. Nikiona la nne, wewe na mwanakwaya wako mtahama na meza."

Mashine ilikuja kwenye sanduku zito, na harufu yake ya grisi ikachanganyika na ile ya magunzi. Jumamosi ya kwanza baba alijaza kibao kizima kwa mizani, polepole, akinyamaza. Kisha aliiegemeza simu yake kwenye kopo la unga, na shangazi akatokea kwenye kioo kutoka Buffalo, amevaa miwani ya kusomea. Baba akanipa tochi.

Nilimulika ganda la kwanza. Chini kabisa, chembe za baruti zilikaa kimya kama mchanga.

"Umeona?" baba aliuliza.

"Nimeona."

"Sogeza simu, mimi sijaona," shangazi alisema. Baba akaisogeza. "Haya. Nimeona."

"Na mimi nimeona," baba alisema.

Nilitaka kumulika tena. Tochi ilikuwa imeshaanza kurudi. Baba aliweka kidole chake juu ya mdomo wa ganda, akalifunika.

"Riziki. Umeona, ao haukuona?"

"Nimeona."

"Basi funga."

Nikaweka kichwa, nikavuta mkono wa mashine mara moja, mpaka chini.

Tulifanya hamsini zote hivyo, watu watatu na simu, na ilichukua mchana mzima. Mashine ile bado iko kwenye ncha ya meza ya mama huko Louisville. Baba ana vidole kumi. Mimi nimehamia Buffalo kwa kazi, mitaa michache kutoka kwa shangazi, na ile namna ya kuhakikisha kwa watu watatu haiwezekani ukiwa peke yako mbele ya kufuli. Najiuliza mwenyewe kwa sauti: umeona? Mara nyingine nashuka ngazi. Mara nyingi narudi.

Matandiko nilimpelekea kasuku jioni ya siku ile ya dukani. Niliyatandaza, chumba kikajaa harufu, nikafunga komeo la tundu, nikalishika, nikafika mlangoni, nikasimama. Nyuma yangu kasuku, ambaye miezi yote hii amekuwa akinisikia, akasema kwa sauti yangu hasa: "Umeona?"

Nikamjibu kwamba nimeona. Nikazima taa, nikafunga mlango, nikashuka.